Chungu cha Nambilanje

Severini hakuwa na mke mwingine. Hilo tulimalize mapema, maana Nachingwea nzima ilishalisema na kulipamba mpaka huyo mke akawa na watoto watatu. Hakuwa na mke, wala ugonjwa wa kuficha. Alichokuwa nacho ni mama, huko Nambilanje, na mama huyo alikuwa na chungu, na ndani ya chungu hicho, kila baada ya mavuno, walipikwa panya.

Panya wa shamba, unisikie vizuri, si hawa wa darini wanaotafuna sabuni. Hawa hunona kwa karanga na mtama wa watu. Mashamba yakishavunwa wanachimbwa mashimoni, wanababuliwa manyoya, wanatumbuliwa, wanachomekwa vijitini na kukaushwa juu ya moto, kisha wanaungwa kwa karanga. Severini aliwapenda tangu utotoni. Lakini sasa alikuwa msomi, bwana shamba wa korosho wilayani Ruangwa, mwenye pikipiki ya serikali na kalamu mbili mfukoni, na watumishi wenzake waliotoka mikoa mingine walikuwa na mzaha mmoja wasiouchoka: "Nambilanje paka hawana kazi!" Siku ya kwanza kuusikia, Severini alicheka kuwashinda wote.

"Hao ni wa huko ndani kabisa," akasema. "Kwetu sisi hatuli."

Aneth alikuwepo siku hiyo, anakula andazi. Aneth alikuwa afisa maendeleo ya jamii wa Nachingwea, binti wa Kichaga, mrefu, mwenye kicheko cha kugeuza shingo za watu barabarani, na kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye vikundi vya akina mama wabangua korosho. Severini alimpenda palepale, kabla andazi halijaisha. Naye Aneth akampenda, Mungu anajua kwa nini, na ikawa kila Jumamosi pikipiki ya serikali ina shughuli ya haraka sana Nachingwea.

Sasa mwanamke akishapenda atataka kumwona mama wa mtu. Ni haki yake. Aneth aliomba mara ya kwanza, akaambiwa daraja limekatika. Mara ya pili, mama kaenda msibani Kiegei. Baada ya hapo mama wa watu akaugua malaria mara tisa kwa mdomo wa mwanawe, na wakati huo mwenyewe alikuwa mzima, analima, anabeba kuni. Severini kila akijiona anaingia ule ua pamoja na Aneth, aliona chungu. Aliona mama yake akifunua kwa furaha, na Aneth akichungulia. Hapo moyo wake ulikuwa ukigeuza njia na kurudi.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mwaka 2006, mwezi wa saba, mradi mmoja wa korosho ukachagua watu watatu waende Vietnam siku kumi, wakaone wenzetu wanavyobangua. Mkuu wa msafara alikuwa Mzee Twaha wa Ruponda, kiongozi wa wakulima, mtu wa swala tano na maneno machache. Wa pili alikuwa Severini. Wa tatu alikuwa Aneth, na usiulize kama Severini alifurahi.

Furaha yenyewe ilidumu siku mbili. Jumapili ya kuondoka Aneth alimwita pembeni, akatoa karatasi kwenye mkoba.

"Unaijua hii?"

"Fomu ya uhamisho."

"Nimeshaijaza, imebaki sahihi. Nisikilize, Severini. Tukirudi, Jumamosi ya kwanza unanipeleka Nambilanje nikamwone mama yako, na huyo mkeo kama yupo nimsalimie. Usiponipeleka, Jumatatu fomu inakwenda, na mimi narudi Moshi. Nimechoka kupendwa kwa kificho."

"Aneth, mke sina. Haki ya Mungu."

"Basi una nini?"

Severini akafungua mdomo. Akaona chungu. Akafunga mdomo.

Saigon ya Vietnam ni mji wa pikipiki. Severini alijiona mwenye pikipiki mpaka alipofika huko, akakuta mto wa pikipiki usio na ng'ambo, mtu mmoja kapakia jokofu, mwingine mke na watoto watatu, na bibi kizee katikati anavuka kwa miguu taratibu kana kwamba yuko shambani kwake. Asubuhi walikuwa kiwandani wakitazama korosho zikibanguliwa. Alasiri wakaachwa huru, na hapo ndipo alipoingia Hoa, binti mkalimani wa kiwanda, mwenye Kiingereza cha kukimbia na miguu ya kukimbia zaidi, aliyesema kwamba mtu akija Saigon asipokula barabarani, basi hajaja.

Mzee Twaha alikataa. Aliogopa nguruwe, na mji ule nguruwe alikuwa kila kona. Alikuwa amekuja na kilo tano za unga wa muhogo kwenye begi, akaafikiana na mpishi wa hoteli kwa ishara za mikono, akawa anasonga ugali wake mwenyewe na kuula kwa mayai na mboga za majani. "Nendeni, wanangu," alisema. "Mtanisimulia, ila si wakati ninakula."

Basi wakaenda watatu. Siku ya kwanza Hoa aliwapeleka kwenye mkahawa, na mkahawa wenyewe ulikuwa ukingo wa barabara tu, vigoda vya plastiki vya kimo cha mbuzi ya kukunia nazi, na watu wamechuchumaa juu yake magoti yamefika kidevuni. Severini akakalia chake kwa woga. Kila mtu akaletewa glasi yenye maziwa mazito ya kopo chini, na juu yake kikopo cha bati kilichotobolewa matundu, kahawa inadondoka tone, tone, tone.

"Hii inachukua muda gani?" Severini akauliza.

"Una haraka ya kwenda wapi?" Hoa akamjibu.

Ilipoisha kudondoka wakakoroga, wakamimina kwenye barafu. Aneth akaonja. Akaonja tena, na machozi yakamlenga, mwanamke ambaye Severini hajawahi kumwona akilia.

"Baba yangu kalima kahawa miaka arobaini," akasema. "Yote aliuza chama cha ushirika. Nyumbani tunakunywa majani ya chai. Sijui kama mzee amewahi kuonja kahawa yake mwenyewe hata siku moja."

Severini alitaka kumshika mkono, akamshika. Pale Nachingwea kahawa ni ya wazee wa kijiweni, wanaume watupu na kashata zao, na mwanamke akikaa hapo watu watatafuta aliyemkosea. Hapa wake kwa waume walichanganyika kwenye vigoda, mama na mwanawe, mtu na bosi wake, na hakuna aliyegeuka kutazama. Walikaa mpaka mvua ikawatoa, wakakimbilia wakicheka chini ya turubai la muuza vocha.

Tangu hapo ikawa kila alasiri ni kula. Walikunywa supu ya tambi ya watu wa kaskazini, na supu kali ya watu wa mji wa Hue iliyomtoa Severini kamasi mbele ya mchumba. Walikula chapati nyembamba ya unga wa mchele, rangi ya manjano, imefungiwa uduvi ndani, unaikata na kuizungushia majani ya mboga mabichi kisha unachovya. Siku moja Hoa aliagiza sahani akaisifia mpaka basi, chakula cha Saigon chenyewe, alisema, kila mtu anakipenda. Ikaja. Aneth akaitazama kwa karibu.

"Mbona hizi ni chenga?"

Kweli zilikuwa chenga za mchele, hizi ambazo kwetu mama anapeta na kuwamwagia kuku. Pembeni kulikuwa na nyama ya kuchoma na yai. Hoa hakuona ajabu. Alisema zamani wakulima waliuza mchele mzima, wakabaki na uliovunjika, wakaula hivyohivyo, na siku hizi hata tajiri anaufuata kwa gari. Ile habari ilimwingia Severini mahali, akawa kama mtu aliyekanyaga mwiba akaona haya kuinama kuutoa.

Kesho yake wakakutana na mama mmoja anauza muhogo wa kuchemsha, juu kaunyunyizia nazi iliyokunwa na ufuta wenye sukari. Aneth akapiga kelele za furaha. "Muhogo wa Nachingwea! Na ufuta wa Ruangwa! Severini, mama yako anaupika hivi?"

Swali jepesi, la mdomo mtamu. Lakini Severini alilisikia kama la mgambo likilia. Zilikuwa zimebaki siku tatu warudi nyumbani.

"Mama... anachemsha tu," akasema.

Aneth akamtazama, kicheko kikazimika. Hakuuliza tena.

Siku ya mwisho, mchana, Hoa alisema leo ni zamu ya kwao. Yeye hakuwa mtoto wa mjini, alitoka kusini zaidi, kwenye mashamba ya mpunga ya mto Mekong, na mjomba wake alikuwa na kihoteli pembezoni mwa mji wanakokutana watu wa huko. Mabenchi, paa la bati, moshi wa jiko la mkaa. Mjomba mwenyewe akatoka jikoni anafuta mikono, kafurahi mpaka meno ya dhahabu yote nje, akaweka sahani katikati ya meza.

Severini hakuhitaji kuambiwa. Harufu ilimfikia kabla ya sahani. Wamekatwa mikia na vichwa, wamechomwa wakaiva rangi ya kahawia, wamepakwa mchaichai na pilipili, lakini ule mgongo, yale mapaja madogo, jamani, mtu atasahau alikonyonya?

"Panya wa mpunga," Hoa akasema, kidevu juu kidogo. "Watu wengine wa mjini wanatucheka. Lakini mtu akija harusini kwetu asiwakute, anasema tumemdharau. Mjomba ameamka alfajiri kwa ajili yenu."

Aneth akaweka vijiti vyake vya kulia mezani, polepole, kama mtu anayeweka yai. Mjomba akasimama, anangoja. Severini alikuwa na maneno yake tayari mdomoni, yale ya siku zote: kwetu sisi hatuli. Angeyasema wangempa kuku. Ingekuwa imekwisha.

Akamtazama mjomba. Yule mzee alikuwa na uso wa mtu aliyefungua mlango wa chumba chake cha ndani.

Mkono wa Severini ukaenda wenyewe. Akaacha vijiti, akamchukua mmoja kwa vidole, akamvunja kiunoni kwa mvunjo mmoja wa kifundi, akaanzia mgongoni, akanyonya mfupa, akauweka pembeni msafi. Kisha, bila kufikiri, akamwambia Hoa kwa Kiingereza chake cha Ruangwa: "Mwambie mjomba, huyu amechimbwa baada ya mavuno. Ana mafuta mgongoni. Ila kwetu tunawakausha kwanza siku tatu, halafu tunaunga kwa karanga."

Hoa akatafsiri. Mjomba akapiga kofi meza nzima ikaruka, akamkumbatia Severini kichwa, akakimbilia jikoni kuleta wengine.

Aneth hakuwa amecheka.

"Kwetu," akasema. "Umesema kwetu."

"Ndiyo."

"Kwenu wapi?"

"Nambilanje." Severini alikuwa bado na kipaja cha panya mkononi. "Kwa mama yangu. Anapika. Mimi ndiyo nimekulia hapo, Aneth. Niliogopa utakuja, utafunua chungu, utanitazama kama wanavyotutazama. Hakuna mke. Hakuna kitu kingine chochote. Ni chungu tu."

Aneth alimkazia macho.

"Severini."

"Naam."

"Miaka miwili. Miaka miwili nimelala macho wazi namwaza mwanamke. Nimempa na jina. Nimemwita Valentina! Nimeshamchukia, nimeshamsamehe, nimeshamchukia tena. Kumbe panya?"

"Panya."

"Panya!" Akainuka, akakaa. Hapo kicheko kikamshika, kile cha kugeuza shingo, akacheka mpaka akalaza kichwa mezani. Severini akaanza kutabasamu. Alipokosea ni hapo, kwa maana Aneth aliinua kichwa na kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Usicheke wewe. Umemkana mama yako mbele ya watu wanaokula maandazi. Umemuuguza malaria mara tisa. Mimi nimetoka Kilimanjaro, sisi tunakunywa damu ya mbuzi, umewahi kunisikia namficha baba yangu? Mkataa kwao mtumwa, Severini. Na mtumwa mimi simtaki." Akamnyang'anya kile kipaja, akakitia mdomoni, akatafuna amekunja uso kwa hasira mpaka mfupa ukabaki mtupu. "Sungura," akasema. "Ni kama nyama ya sungura, basi. Kwa hiki ndiyo ulikuwa unanipoteza."

"Fomu je?"

"Fomu ipo. Nimwone kwanza mama."

Jumamosi ya kwanza wakaenda. Mara tu waliporudi Severini alikuwa amempa salamu Saadi, mwenye duka wa Nambilanje aliyefuata sukari mjini: amwambie mama anakuja na mgeni, apike kile chakula chetu, asipike kingine. Alijisikia mwanaume. Njia nzima alikuwa anaimba juu ya pikipiki, na Aneth nyuma yake kashika kopo la kahawa ya Vietnam kwa ajili ya mkwe.

Mama Lusiana aliwapokea kwa vigelegele. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, Kiswahili chake cha kuchagua neno mojamoja kama anayechagua mawe kwenye choroko. Alimshika Aneth mikono yote miwili, akamgeuzageuza.

"Huyu ndiyo wa malaria yangu?" akamuuliza mwanawe. Kumbe Saadi alishamfikishia uvumi wote wa mjini. Severini alitamani ardhi ipasuke.

Chakula kikawa tayari. Ukae ukijua kwamba nyumba ile, kama nyumba zote za pale, mwanaume anakula barazani, wanawake wanakula jikoni nyuma. Severini alikula barazani na baba yake tangu alipotoka jandoni, na baba alipofariki akaendelea kula hapo peke yake, mama anamletea sahani na kurudi nyuma. Lakini Aneth alikataa. Alisema ametoka kwenye nchi ambayo mtu anakaa na mama yake kigoda kwa kigoda, na yeye leo anakula na wote, jamvi moja. Mama Lusiana akasitasita, akaona haya, akatandika jamvi uani.

Akaleta chungu, akakifunua. Panya wa karanga, mchuzi mzito. Aneth hakutetereka hata kope. Akanawa, akamega ugali, akatowea. "Wa huku watamu kuliko wa Saigon," akasema, na alimaanisha. Severini alikula kwa raha ambayo hakuwahi kuijua, kwa maana mtu huonja vizuri zaidi akiwa hana siri.

Aneth ndiye aliyeona. "Mama, mbona wewe unakula mlenda?"

"Nakula. Nyie kuleni."

"Chukua na hawa, ni wengi."

"Hapana, mwanangu." Mama Lusiana akageuza uso, kidogo tu, mbali na chungu. "Mimi sili wale. Toka kuzaliwa. Nikiwaona roho inachafuka."

Severini akaacha kutafuna.

"Mama, unasemaje?"

"Mimi sili."

"Lakini unawapika! Kila mwaka unawapika!"

"Wewe unapenda. Na baba yako alipenda. Nafumba pua, napika."

"Mbona hujawahi kuniambia?"

Mama akamtazama kwa mshangao wa kweli, hakuwa na hasira hata chembe. "Uliniuliza lini?"

Severini alikuwa na miaka thelathini na nne. Alijaribu kukumbuka sahani ya mama yake hata moja, kilichokuwa ndani yake, akakuta hajui. Hajawahi kuitazama. Yeye alikaa mbele, sahani ya mama ilikaa nyuma. Na chungu alichokionea aibu miaka miwili, akamficha mwanamke asione mama anakula nini, kilikuwa chake mwenyewe. Aibu ikampanda mpaka masikioni, na safari hii ilikuwa aibu ya haki. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye mchuzi wa pilipili, yakazidi.

Aneth hakumhurumia. Alimgeukia mama. "Wewe unapenda nini, mama?"

Mama Lusiana akafikiri muda mrefu, kama aliyeulizwa habari za mtu wa mbali. Halafu akaziba mdomo kwa kanga, akacheka kisichana.

"Firigisi," akasema.

"Firigisi ya kuku?"

"Nilikula kwetu, nikiwa mtoto. Baba yangu alinipa. Nilipoolewa, firigisi ya mwenye nyumba. Halafu ya huyu." Akahesabu kwa vidole, akaacha. "Sijala miaka arobaini sasa."

Severini alikuwa ameshasimama. Akavua viatu vya mjini, akakunja suruali, akaingia bandani kwa kishindo, na ua mzima ukajaa vumbi na manyoya, bwana shamba wa korosho kainama anamkimbiza kuku chini ya tela la majirani, mama yake anapiga kelele, "Siyo huyo! Huyo anataga!" na Aneth amejishika mbavu, anamwelekeza kuku akimbilie upande usiofaa.

Alimkamata wa tatu. Alimchinja, akamnyonyoa, akamkaanga mwenyewe, jikoni nyuma, mahali ambapo hakuwa ameingia tangu utotoni, akiungua vidole na kuuliza chumvi iko wapi. Firigisi akaileta peke yake kwenye sahani, akapiga goti, akamwekea mama yake mbele.

Mama Lusiana aliitazama. Hakuigusa kwanza. Kisha akachukua kisu, akaikata katikati, akaweka kipande kimoja mkononi mwa Aneth na kukifunga kile kiganja kwa mikono yake miwili.

"Kula, mkwe wangu," akasema. "Usingoje miaka arobaini."